Tusizipite Kurasa za Codex

Wenzangu wengi wapendao michezo ya video wana desturi moja nisiyoipenda. Wakifika mahali penye maandishi, hubonyeza kitufe upesi wapite, wakaendelee kupiga risasi. Ukiwauliza sababu, hujibu, "Mchezo ni mchezo, kusoma ni darasani." Kwa upande wa pili wako wazee, na waalimu pia, wasemao ya kuwa michezo hiyo haina hata neno moja la kumfaa mwanafunzi. Mimi nasema pande zote mbili zimekosa, tena zimekosa kwa sababu moja: hazikusoma.

Naandika habari hii sasa kwa kuwa Baraza la Wanafunzi litajadili muhula ujao kama michezo iruhusiwe Jumamosi jioni katika chumba cha kompyuta. Nasikia wengine wanataka iruhusiwe yote, na wengine wanataka ikatazwe yote. Kabla hatujanyosha mikono, yafaa tujue tunanyosha kwa ajili ya nini.

Nitachukua mfano mmoja ninaoujua vizuri, nao ni mfululizo uitwao Mass Effect. Waliouunda ni kampuni ya BioWare ya Edmonton, nchini Kanada. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 2007, wa pili mwaka 2010, na wa tatu mwaka 2012. Kisha mwaka 2021 yote mitatu ilikusanywa ikatolewa upya pamoja. Hadithi yake ni ya zama zijazo. Inaanza mwaka 2183, wakati wanadamu wamekwisha kutoka duniani na kukutana na mataifa mengine yakaayo katika nyota. Mchezaji ni Kamanda Shepard, mwenye merikebu ya angani iitwayo Normandy, na kazi yake ni kukusanya mataifa yaliyochukiana ili yamkabili adui mmoja. Mchezo huu, huko Marekani, umewekewa alama ya kuwa si wa walio chini ya miaka 17. Kwa hiyo siwasemei wadogo zetu wa kidato cha kwanza. Nawasemea wa cha tano na cha sita.

Ndani ya mchezo huo mna kitabu, nacho huitwa Codex. Hakifunguki chote mara moja. Kila ukizungumza na mtu mwenye habari, au ukikagua kitu fulani, ukurasa mpya hufunguka. Katika mchezo wa kwanza, kurasa zilizo kubwa husomwa kwa sauti. Zilizo ndogo ni za kusoma kwa macho tu. Humo mna habari za mataifa, serikali zao, dini zao, sheria zao, vita vyao, na vyombo vyao. Mtu aweza kumaliza mchezo wote pasipo kufungua hata ukurasa mmoja. Atashinda, ndiyo. Lakini atakuwa kama mtu aliyepita Jinja kwa basi usiku, akasema ameiona.

Sababu yangu ya kwanza ya kuzitetea kurasa hizi ni kwamba zamfundisha msomaji kupambanua. Chukua habari ya joto. Codex yaeleza ya kuwa merikebu ya angani haiwezi kujificha kwa urahisi, maana ina joto, na joto hilo laonekana kutoka mbali katika anga lenye baridi. Normandy yaweza kujificha kwa kuwa hulizuia joto lake ndani. Lakini haiwezi kufanya hivyo kwa muda mrefu, la sivyo waliomo wataungua. Habari hii si porojo. Sisi tusomao fizikia twajua ya kuwa joto husafiri kwa njia tatu: kwa kupita katika kitu chenyewe, kama katika kijiko kilichomo chaini, kwa kuchukuliwa na hewa au maji, na kwa kumulika, kama joto la jua litufikiavyo. Huko juu hakuna hewa, basi merikebu haina njia ya kutupa joto lake ila hiyo ya tatu. Ndiyo sababu Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimeizunguka dunia tangu mwaka 1998, kina mabawa makubwa ya kumulika joto nje, yenye mabomba yapitishayo amonia. Mimi nilisoma habari hizo darasani, nikazijibu katika mtihani. Lakini nilipozikuta katika Codex ndipo nilipoona zinafanya kazi gani.

Walakini si kila kitu humo ni cha kweli, na hilo ndilo zoezi lenyewe. Codex yasema ya kuwa Charon, mwezi wa Pluto, si mwezi bali ni mtambo wa kale uliofunikwa na barafu. Charon uko kweli. Uligunduliwa mwaka 1978 na mtaalamu wa nyota wa Marekani, James Christy. Na chombo kiitwacho New Horizons kilipopita karibu nao Julai 2015, kilileta picha za mabonde na milima, mtambo haukuonekana. Madini yawezeshayo merikebu kwenda upesi kuliko mwanga ni ya kubuni vile vile. Basi msomaji hana budi kuuliza katika kila mstari: hili ni la kweli? Hili ni la kubuni? Au ni la kubuni lililojengwa juu ya la kweli? Mtu aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa upesi na habari zirushwazo kwa simu.

Sababu yangu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni historia. Codex imeandikwa kwa sauti ya utulivu, kama kitabu cha serikali. Yataja miaka, yataja hesabu, wala haikasiriki. Msomaji mvivu hudhani ya kuwa sauti isiyokasirika ni sauti ya haki. Lakini ukisoma kwa makini, unaona mambo.

Katika hadithi hiyo, mwaka 2157 wanadamu walijaribu kufungua mtambo wa usafiri uliokuwa umelala. Taifa la Waturian lilikuwa na sheria ya kukataza jambo hilo, likawashambulia, hata likaliteka koloni lao la Shanxi. Wanadamu wakalikomboa, kisha Baraza la mataifa likaingia kati kuleta amani. Wanadamu huita mambo hayo Vita vya Kukutana kwa Kwanza. Waturian huyaita Tukio la Mtambo 314. Tazameni majina hayo mawili! Kwa huyu ni vita, kwa yule ni tukio tu. Hakuna aliyesema uongo, lakini jina peke yake limekwisha kukuambia ni nani aliyeumia na ni nani aliyeona jambo dogo.

Tena kuna habari ya Waquarian na Wageth. Waquarian walitengeneza mashine ziwafanyie kazi, wakaziita Geth. Mashine zikaanza kuuliza juu ya nafsi zao. Waquarian wakaogopa, wakaamuru ziharibiwe. Zikapigana, zikashinda, na Waquarian waliosalia wakawa watu wa kukaa merikebuni kwa miaka kama mia tatu. Katika mchezo wa kwanza twasikia habari hiyo kutoka kwa Waquarian, na twawaonea huruma. Katika mchezo wa pili twakutana na Mgeth mmoja, jina lake Legion, naye ana maneno yake. Katika wa tatu twaonyeshwa kumbukumbu za Wageth wenyewe, na humo twaona Waquarian waliowatetea wale watumishi wao, wakauawa na Waquarian wenzao. Habari hiyo mchezo wa kwanza haukutuambia. Ukurasa wa kwanza haukuwa wa uongo. Ulikuwa na shahidi mmoja tu.

Lakini ukurasa ulionigusa kuliko zote ni ule wa Wakrogan. Wakrogan walikuwa watu wenye nguvu, wakiishi katika sayari iliyoharibiwa na vita vyao wenyewe. Wasalarian, taifa la wataalamu, wakawapa elimu na merikebu, kusudi wapigane na adui aliyewashinda wengine wote. Wakrogan wakapigana, wakashinda. Kisha wakazidi kuwa wengi, wakachukua ardhi za jirani, wakaasi. Hapo Wasalarian wakatengeneza ugonjwa uitwao jenofeji, na Waturian wakaueneza. Tangu siku hiyo, katika mimba elfu moja za Wakrogan, moja tu iliweza kuleta mtoto hai. Codex yasimulia haya kama fundi asimuliavyo namna alivyoziba bomba lililovuja.

Mtu akiishia hapo, atasema, "Haya, ilikuwa lazima." Lakini mchezo wa pili wamleta daktari Msalarian, Mordin Solus, ambaye alifanya kazi ya kuutia nguvu ugonjwa huo tena, maana miili ya Wakrogan ilikuwa imeanza kuushinda. Yeye hujitetea kwa hesabu, tena hesabu nzuri. Kisha huenda katika sayari ya Wakrogan, na humo hukuta maiti ya mwanamke Mkrogan aliyejitolea kufanyiwa majaribio ili dawa ipatikane. Daktari yule asimama mbele ya maiti, na hesabu zake zote hazimsaidii. Mwenye kusoma Codex kwanza ataelewa kwa nini. Mwenye kuipita ataona maiti moja zaidi katika mchezo wenye maiti nyingi.

Mimi ni mtu wa Bunyoro, na pengine ndiyo sababu nilikaa na ukurasa huo kwa muda mrefu. Wakrogan si Wanyoro, wala hadithi si historia. Sitaki mtu aseme nimechanganya. Lakini namna ya kuandika naijua. Mwishoni mwa mwaka 1893 Waingereza, pamoja na majeshi ya Buganda, walianza vita juu ya Omukama Kabalega. Alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa Visiwa vya Shelisheli, na aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alifia Jinja, hakufika kwao. Watu walipungua sana katika miaka ile kwa vita, njaa na maradhi. Sehemu za nchi ziliandikwa katika Mapatano ya mwaka 1900 kuwa kaunti za Buganda. Nyumbani kwetu ziliitwa kaunti zilizopotea. Ilikuwa ardhi moja yenye majina mawili, mpaka Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi walipopiga kura na kuchagua kurudi Bunyoro. Sisemi haya ili kuwachokoza ndugu zangu wa Buganda, ambao nalala nao bweni moja na tunagawana sukari. Nasema kwa sababu nyanya yangu hajui kusoma Mapatano, nayo Mapatano hayamjui nyanya yangu, na mimi nahitaji wote wawili nikitaka kujua kilichotokea.

Basi, mchezo wa video uliotungwa Kanada umenifundisha kuuliza nani ameandika, alikuwa upande gani, na nani hakuulizwa. Mwalimu wetu wa historia hutuuliza maswali hayo kila wiki. Naona si vibaya tukiulizwa pia Jumamosi.

Sasa niyajibu maneno ya wapinzani, maana nimeyasikia yote mezani.

Wa kwanza husema: hadithi nzuri haihitaji kitabu cha maelezo, ionyeshe mambo yenyewe. Hapo nakubali nusu. Mtunzi akificha katika maelezo yale aliyopaswa kuyaonyesha, amefanya uvivu. Mfano tunao. Kampuni ya Bungie ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Destiny Septemba 2014. Habari nyingi nzuri za mchezo huo ziliandikwa katika kadi ziitwazo Grimoire. Lakini kadi hizo hazikuweza kusomwa ndani ya mchezo wenyewe. Mchezaji alizipata kwa kucheza, kisha akalazimika kuuacha mchezo na kuzitafuta katika mtandao wa kampuni au kwa simu. Wachezaji wengi walinung'unika, na kwa haki. Mchezo wa pili, wa mwaka 2017, ukaziacha kadi hizo, na mwaka 2018 vitabu vya hadithi vikawekwa ndani ya mchezo wenyewe. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo, mwaka 1994, ilikuwa imetoa mchezo uitwao Marathon, ambao mchezaji alisoma hadithi yake ndani ya mchezo, katika kompyuta zilizo ukutani. Walikuwa wakijua njia! Kwa sisi huku hili si jambo dogo. Kijana anunuaye bando kwa shilingi zake chache hawezi kulipa mara ya pili ili asome hadithi ya mchezo alio nao tayari. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: maelezo yawe ndani ya mchezo, na yaongeze hadithi, yasiwe badala yake. Mass Effect, kwa maoni yangu, yaishika kanuni hiyo vizuri.

Wa pili husema: hakuna asomaye mambo hayo. Si kweli. Januari 2012 kilitolewa kitabu cha riwaya cha mfululizo huo, jina lake Mass Effect: Deception. Wasomaji waliozijua kurasa za Codex na vitabu vya kwanza waliona kitabu kipya kinapingana navyo mahali pengi. Wakakaa pamoja, wakaandika orodha ndefu ya makosa, moja baada ya moja. Wenye mchezo na wenye kukichapa kitabu walikiri, wakaomba radhi, na kuahidi masahihisho. Nawauliza: nani aliyefanya kazi ile? Si wale wabonyezao kitufe wapite. Ni wasomaji, ambao hakuna aliyewapa mtihani. Kama sisi tungekisoma kitabu cha historia kwa ukali ule, waalimu wetu wangeogopa kuingia darasani bila kujiandaa.

Wa tatu husema: kurasa hizo ni za Kiingereza, nasi Kiingereza kimetuchosha. Vema, basi tuzifasiri. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopendekeza Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, twaambiwa kila siku tukitumie. Tutakitumiaje kama hatuna la kusema nacho ila "hujambo" na "sijambo"? Mimi nimejaribu kuufasiri ule ukurasa wa joto la merikebu. Kazi ilinichukua jioni mbili, na sentensi moja nimeiandika mara sita. Lakini nilipomsomea rafiki yangu asiyependa fizikia, alielewa, akauliza swali. Sehemu hii ya Kiswahili katika gazeti letu ina kurasa nne tu kila toleo, na mara nyingi mhariri huhangaika kuzijaza. Hapa pana kazi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo naliomba Baraza letu mambo matatu. La kwanza, lisikatae michezo yote kwa pamoja, wala lisikubali yote kwa pamoja. Likubali ile yenye hadithi, kwa wale wenye umri wake. La pili, kila mwenye kucheza Jumamosi apewe dakika tano katika mkutano wa chama cha mdahalo, atuambie amesoma nini: nani alisema, na nani hakusikika. Asiyeweza kusema, Jumamosi ijayo ampishe mwingine. Kompyuta zetu ni chache. La tatu, tuanze daftari letu wenyewe. Kila mwanafunzi arudipo kutoka likizo alete ukurasa mmoja wa habari ya mahali kwao: vita, njaa, kuhama, au ugomvi wa mpaka. Aandike jina ambalo kitabu hukiita kitu hicho, na jina ambalo wazee wa kwao hukiita. Aandike na jina la aliyemsimulia, kama mwenyewe amekubali. Kama majina hayapatani, tusiyafute. Tuyaache yakae pamoja katika ukurasa, kama sisi tukaavyo pamoja bwenini.

Wazee wasemao ya kuwa michezo hii haina neno la kumfaa mwanafunzi, nawaomba waje siku ya mdahalo wasikilize. Nanyi wenzangu wa kitufe, nawasihi neno moja tu. Ukurasa utakapofunguka tena mbele yenu, subirini kidogo. Usomeni mpaka mwisho, kisha muulize nani aliyeuandika.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita